Injekta Nne Ndani ya Leso

Katika mji wa Nyeri mtu mwenye akili zake haachi vipuri vikalala kwa fundi. Ukiviacha, asubuhi utarudishiwa vingine vinavyofanana na vyako, na fundi atakuapia kwa kaburi la nyanya yake kwamba ni vile vile. Salim alikuwa ameshachezewa hivyo mara mbili, kwa betri na kwa alternata. Kwa hiyo Ijumaa ile jioni aliingia nyumbani kwake Majengo akiwa amekumbatia katoni ya biskuti kifuani, akaiweka juu ya meza, pale pale binti yake Aaliya alipokuwa akifanya hesabu.

Mwanaisha mkewe alichungulia ndani. Chini ya katoni kulikuwa na matundu manne yaliyotobolewa kwa bisibisi, kando ya kila tundu nambari iliyoandikwa kwa kalamu, moja hadi nne, na katika kila tundu kimesimama chuma chembamba cha urefu wa kiganja, cheusi tititi kwa masizi.

"Ndizo injekta hizo?"

"Ndizo. Ndizo zinarushia injini dizeli. Angalieni zisianguke."

"Na fundi amesemaje, Baba Aaliya?"

Salim alivua viatu polepole, kama mtu anayetafuta jibu kwenye soksi. "Mutahi ameunganisha kile kimashini chake, kikaandika silinda ya tatu haivuti sawa na wenzake. Watatu wanabeba, mmoja anabebwa. Ndio maana gari inatetemeka. Ati inaweza kuwa injekta imechoka, inaweza kuwa kitu kingine. Kesho nazipeleka Karatina, kuna mama huko ako na mashini ya kuzipima."

"Na ikiwa imechoka?"

"Moja ya mtumba ni elfu ishirini."

Aaliya alikuwa ameacha kuandika, penseli mdomoni, na mama yake hakumkaripia.

Ilikuwa imeanza Alhamisi. Gari la Salim, van ya kubebea watoto wa shule, lilianza kutikisika kwenye mlima wa kutoka mjini hadi vibweta vya chakula vikawa vinadondoka vitini, moshi mweusi ukamfunika mzazi mmoja aliyekuwa nyuma. Yule mzazi hakupiga hata honi. Alitoa simu, akapiga video, akaitupa kwenye grupu la wazazi. Salim alipofika getini, Madam Warigia, mwenye shule, alikuwa ameshaiona, na alimngoja ateremshe watoto wote ndipo aseme, ili nao wasikie.

"Salim, Jumapili saa kumi jioni uniletee hii gari hapa getini niisikie na masikio yangu. Ikitetemeka, ama usipofika, Jumatatu Waweru ndio atabeba watoto. Nimemaliza."

Watoto walicheka, wengine wakaiga mtetemeko, wakigonganisha mabega. Aaliya alikuwa miongoni mwao, amesimama na mkoba wake, anatazama viatu. Yeye alikuwa darasa la nane katika shule ile na hakuwahi kulipiwa karo hata shilingi. Yalikuwa makubaliano: Salim abebe watoto kwa malipo madogo, na binti yake asome. Kazi ya gari ikienda, nafasi ya Aaliya nayo inaenda, na hilo hata paka wa nyumba ile alilijua.

*

Asubuhi ya Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, Salim alijinyoosha tena kidogo. Mwanaisha hakuweza. Alikaa jikoni akiitazama ile katoni.

Sasa huyu Mwanaisha, kama kuna jambo moja Majengo yote ilimjua kwalo, ni usafi. Sufuria zake zilianikwa nje na ungeweza kufunga ushungi ukijitazama kwenye kitako cha moja. Aliamini, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine, kwamba kitu kichafu hudharauliwa hata kabla ya mwenyewe kufungua mdomo. Na mumewe alikuwa amedharauliwa vya kutosha wiki ile. Akilini aliwaona watu wa Karatina wakivishika vile vyuma kwa ncha za vidole, wakimtazama Salim kuanzia kofia hadi viatu, na moyo ukamuuma.

Basi akazichomoa zote nne, akazitia kwenye beseni la mafuta ya taa, akachukua jivu na waya ya kusugulia sufuria, akakunja mikono ya gauni. Alisugua kwa mapenzi, nisikilize vizuri, kwa mapenzi. Kwenye kichwa cha kila injekta palikuwa na maandishi madogo madogo, herufi na tarakimu zilizobanana, nusu yake zimeshaliwa na masizi. Alidhani ni uchafu uliogandamana na chapa ya kiwanda. Alizisugua hadi vichwa vikang'aa, vikawa laini, havina kitu.

Katoni ilikuwa imelowa dizeli, haifai. Aliirarua vipande akawashia jiko, na ilishika moto upesi sana. Injekta alizikausha juani kwenye ungo, akazifunga ndani ya leso yake nzuri, ile ya harusi ya dada yake. Alikusudia asimwambie Salim. Afungue mwenyewe huko mbele za watu, ashangae, ajue kuna mtu nyumbani anayempigania.

"Katoni iko wapi?" Salim aliuliza, chai mkononi, tayari amechelewa.

"Ilikuwa imelowa. Nimezifunga vizuri."

"Sawa." Alilichukua furushi, akaondoka bila kulifungua.

*

Saa tisa alasiri Mwanaisha aliwapelekea chai na mandazi kwenye uwanja wa Mutahi, kiwanja cha wazi pembeni ya mji, mabati mawili na magari mengi yasiyotembea. Aliwakuta wanacheka. Ilikuwa siku tatu hajamsikia Salim akicheka.

"Mama Aaliya, keti," alisema Mutahi, mtu mnene mwenye spana mfukoni hata akienda kanisani. "Injekta zimepita zote. Ona hii karatasi. Unajua shida ilikuwa nini? Hii." Alimwonyesha duara dogo la shaba, jembamba, limeungua upande mmoja. "Washa ya chini ya injekta ya tatu. Ilikuwa inavujisha. Bei ya mkate."

"Mkate tu?"

"Mkate na siagi."

Salim alimega andazi, akampa mkewe nusu mbele ya watu, jambo ambalo si kawaida yake. "Na yule mama wa Karatina amezisafisha vizuri sana," alisema. "Alizifungulia huko ndani kwa mashini, kunirudishia, zinang'aa hata huwezi kuzijua."

Mwanaisha alitabasamu. Alitaka kusema, ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno, lakini Mutahi alikuwa anaingia ndani ya gari. Akaona ataongea likishanguruma, furaha iwe mbili.

Mutahi alizungusha ufunguo. Gari liliwaka, na papo hapo kila mtu pale akajua. Halikutetemeka kama Alhamisi, lilirukaruka. Kioo cha pembeni kilicheza, moshi ukatoka mweusi kisha mweupe, na birika la chai likatembea lenyewe juu ya tairi kuukuu hadi likaanguka.

"Zima," alisema Salim.

Mutahi alizima, akaunganisha kimashini chake, akakitazama, akakigonga kwenye paja, akakitazama tena. "Hapo mwanzo ilikuwa ya tatu peke yake. Sasa inalia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Zote haziko sawa."

Alichukua tochi, akainama juu ya injini kwa muda mrefu. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Salim, sikia. Zile nilitoa hapa jana zilikuwa na maandishi kichwani. Niliyaona. Hizi hazina kitu, zimepigwa msasa zikawa laini. Wanafanya hivyo wakitaka kuficha injekta feki. Wewe umebadilishiwa."

Mwanaisha alikuwa ameinama anaokota birika. Alibaki ameinama.

Hebu tumhukumu polepole. Ni rahisi wewe na mimi, tumekaa, kusema angesema. Lakini mumewe alikuwa anapumua kwa kelele, mishipa ya shingo imesimama, na neno aliloshika halikuwa neno la kuchezewa: wizi. Amwambie nini? Kwamba mwizi ni waya ya sufuria? Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na Mwanaisha akajificha nyuma ya wahenga. Alijiambia pia kwamba labda si hayo. Kusafisha kitu hakuwezi kukiharibu. Nani aliwahi kuharibu kitu kwa kukisafisha?

Salim alimpigia yule mama wa Karatina. Mama alisema injekta zilipita kwenye mashini na hakuna kilichobadilishwa. Salim alimwita mwizi. Simu ikakatwa. Basi akarekodi sauti yake, yenye hasira, akitaja duka na barabara na jina, Wakiuru, na akaituma kwa kila dereva aliyemjua kutoka Nyeri hadi Wang'uru. "Watu wasipeleke injekta huko," alisema. "Huyo mama ni mwizi, na Mungu ananiona."

Mwanaisha alisikia kila neno. Alimimina chai iliyobaki, akampa Mutahi.

*

Jumapili asubuhi Salim alivaa kanzu safi akaenda kwa kaka yake Shakir, mwenye duka la nguo mjini, kuomba elfu themanini za injekta nne. Alirudi mapema mno.

"Amesema niuze gari kama chuma chakavu," alisema, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Amesema hivyo mbele ya wateja. Mwanamke mmoja alikuwa anajaribu viatu. Alicheka, Mama Aaliya. Hata hanijui."

Mwanaisha alikaa karibu naye. Tangu jana hakuwa amekula wala kulala. "Baba Aaliya," alianza.

"Usiniambie nisubiri. Kila mtu ananiambia nisubiri."

Na dirisha lile la kukiri lililofunguka kidogo likafungwa. Sitasema kwamba Mwanaisha alilisukuma sana lisifungwe.

Saa nane walikuwa tena uwanjani kwa Mutahi, wote watatu, kwa sababu Aaliya alikataa kubaki nyumbani. Hakuna aliyejua wamekuja kufanya nini. Mutahi alikuwa anazikaza nati zilizokuwa zimeshakazwa. Ndipo kigari cheupe kilipoingia, akashuka mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa nguo ya kanisani ya bluu yenye kola nyeupe, mkono mmoja kabeba laptop, mwingine viatu vya mpira. Alibadilisha viatu akiwa ameegemea mlango, bila haraka.

"Ni nani Salim?"

"Ni mimi."

"Mimi ni Wakiuru. Ule mwizi." Alifunga mlango wa gari. "Nimesikia sauti yako leo kanisani. Mwenyekiti wa akina mama ndiye alinichezea, kabla ya sadaka. Nimekuja nione kile niliiba."

Salim alisimama mbele ya gari lake, mikono imepanuka. "Huingii hapa. Umekula za kwangu, sasa unataka kula na hizi?"

"Ulileta injekta kwa leso, rangi ya machungwa. Ndivyo ama sivyo?"

"Zilikuwa nyeusi. Umenirudishia za kung'aa, hazina nambari."

"Ziliingia kwangu ziking'aa. Hazikuwa na nambari. Nilishangaa, hata nikataka kukuuliza, lakini kulikuwa na watu saba kwa laini na wewe ulikuwa umeshatoka nje kupiga simu. Hapo nakubali, ningeuliza. Lakini kuiba sijaiba. Niko na hiyo mashini miaka tisa. Wateja wawili wamenipigia leo asubuhi ati nitoe injekta zao."

"Mama, enda nyumbani," alisema Mutahi, akitazama chini. "Enda tu."

Wakiuru alimtazama mmoja, kisha mwingine. Halafu akamtazama Mwanaisha, labda kwa sababu alikuwa mwanamke peke yake pale aliye rika lake. Alikuwa na macho mekundu, na Mwanaisha aliona kwamba huyu mtu alilia njiani kisha akajipangusa vizuri kabla ya kufika. Aligeuka, akafungua mlango wa gari, akaanza kuvua vile viatu vya mpira.

"Ni mimi," alisema Mwanaisha.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie.

"Ni mimi nilizisugua. Jana asubuhi. Kwa waya na jivu. Ziliondoka nyumbani ziking'aa, yeye hakufungua leso. Na katoni niliichoma."

Salim alimtazama mkewe kama anayesoma barua ya kizungu.

"Umesema nini?"

"Zilikuwa chafu. Sikutaka wakudharau."

"Tangu jana unajua?"

"Tangu jana."

Alidhani atampiga, ingawa kwa miaka kumi na saba hajawahi. Salim hakumpiga. Alienda akakaa kwenye lile tairi kuukuu, akashika kichwa kwa mikono miwili, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aaliya alikuwa amesimama kando ya gari, anamwangalia mama yake, na uso wake Mwanaisha hakuweza kuutazama.

Mtu wa kwanza kusogea alikuwa Wakiuru. Alivaa tena kiatu alichokuwa amevua.

"Mama, ulizichanganya? Ama uliziweka kwa mpangilio?"

"Nilizianika kwa ungo. Sikujua kuna mpangilio."

"Hukujua. Na wewe fundi, hiyo katoni lazima uliiandika nambari. Unajua kwa nini?"

Mutahi alikuna shingo. "Yule alinifunza kazi ndiye alikuwa anafanya hivyo."

"Haya. Sikieni wote, kwa sababu kama ni zile zile, hii kitu inaweza kupona." Aliweka laptop juu ya kiti cha dereva, akaichomeka chini ya usukani. "Injekta zinafanana kwa macho, lakini hakuna mbili zinarusha sawa. Moja inatoa zaidi kidogo, nyingine pungufu. Kiwandani wanapima kila moja, wanaiandika nambari yake kichwani. Kompyuta ya gari inawekewa hizo nambari, ndio ijue huyu wa kwanza ni wa kupunguziwa, huyu wa pili ni wa kuongezwa."

"Kama kupakulia watoto," alisema Mwanaisha, hata hakujua amesema kwa sauti.

"Hivyo hivyo. Sasa watoto wamebadilishana viti. Nambari za zamani ziko ndani ya kompyuta, zote nne, hizi hapa. Lakini kichwani hazisomeki, kwa hivyo hatujui ni gani ya nani. Kama ningekuwa nimezibadilisha, hizi nambari zingekuwa bure, mngenunua nne mpya. Lakini ni zile zile. Ni kujaribu tu."

"Mara ngapi?" aliuliza Mutahi.

"Watu wanne, viti vinne. Njia ishirini na nne." Alikuwa ameshaanza kuandika. "Kila moja dakika tano, sita. Mnaitaka hii gari saa ngapi?"

"Saa kumi," alisema Aaliya.

Ilikuwa saa tisa kasorobo.

*

Hakuna kazi inayochosha kama ile ambayo mtu anaitazama tu. Wakiuru aliandika nambari ndefu, akazima, akangoja, akawasha. Gari liliruka. Akatikisa kichwa, akaandika tena. Njia ya pili, ya tatu, ya nne. Mutahi alikuwa na kipande cha kadibodi, anakata mstari kwa kila iliyoshindikana. Salim hakuinuka kwenye tairi.

Njia ya tisa lilitulia kidogo, wote wakainua vichwa. Wakiuru alitazama kioo cha laptop. "Ya pili bado inaomba nyongeza. Si hii." Akazima.

Saa kumi kasoro dakika kumi Salim alimpigia Madam Warigia simu. Iliita hadi ikakatika. Alipiga tena. Akamwandikia ujumbe, akaufuta, akauandika upya, akautuma. Tiki mbili zilitokea na hazikuwa za bluu.

Mwanaisha alikuwa amejisogeza nyuma ya gari, karibu na moshi, mahali ambapo hakuna ambaye angemtazama. Kwa miaka sita hakuwahi kuangalia saa ili ajue mumewe anarudi. Alikuwa jikoni, akisikia sauti ya lile gari likikata kona ya msikiti, anatia majani kwenye maji. Alilijua likiwa na mzigo na likiwa tupu, alilijua siku ya mvua. Sasa alifumba macho akasikiliza, kwa sababu ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kusaidia.

Njia ya kumi na tatu ilikuwa mbaya. Ya kumi na nne liliwaka, likakohoa, likasitasita.

"Hapana," alisema Mutahi, akiinua kalamu.

"Ngoja," alisema Mwanaisha. "Usizime."

Likakohoa tena mara moja. Kisha likakaa.

"Hilo ndilo," alisema, macho yake bado yamefumbwa. "Hilo ndilo langu."

Wakiuru alitazama kioo kwa muda. Nambari zilipanda, zikashuka, zikasimama. "Zote nne ziko karibu na sifuri, hakuna inaomba nyongeza tena," alisema, na akaketi chini kwenye mlango wa gari na nguo yake ya kanisani, kwenye vumbi lile.

Ilikuwa saa kumi na dakika tano.

Salim alikuwa ameshaingia upande wa dereva. Wakiuru alichomoa waya wake. "Mama, pesa," alianza Salim, na hakumalizia, kwa kuwa hakuwa nazo.

"Pesa utaleta. Kitu nataka leo ni kimoja. Wale wote uliwatumia ile sauti, uwatumie nyingine."

*

Geti la shule lilikuwa wazi. Walifika saa kumi na nusu, Salim ameendesha kama ambavyo hajawahi kuendesha na mtoto ndani. Kwenye kivuli cha ukuta palikuwa na van nyingine, nyeupe, mpya kuliko yao, na Waweru mwenyewe alikuwa anabandika karatasi ya jina la shule kwenye kioo chake cha mbele. Alipowaona alijifanya karatasi imepinda.

Madam Warigia alitoka na miwani juu ya kichwa. Salim hakuzima injini.

"Madam, nimekuja. Sikiliza."

Alisikiliza. Ni haki yake tuseme kwamba alisikiliza kweli, hata alisogea karibu na boneti, akaweka kiganja juu yake. Gari lilikuwa linanguruma sawasawa, halina tatizo.

"Iko sawa," alisema. "Nafurahi, Salim. Kweli."

"Basi kesho..."

"Nilisema saa kumi. Nilingoja na robo, wazazi wananipigia kila mmoja. Saa kumi na robo nikamwambia Waweru sawa, tumetia sahihi. Siwezi kumwambia tena hapana."

"Robo saa, Madam."

"Si mimi nimechelewa."

Mwanaisha alikuwa amekaa mbele, dirisha wazi. Robo saa. Alihesabu na hakutaka kuhesabu. Jana saa tisa na nusu, birika mkononi. Leo asubuhi kitandani. Leo saa nane, mama wa watu anaitwa mwizi, na yeye anatazama viatu vya mpira. Popote pale angefungua mdomo wangekuwa wamefika.

"Na Aaliya?" Salim aliuliza, sauti imeshuka sana.

Madam alimtazama Aaliya kwenye kiti cha nyuma, kisha akatazama pembeni. "Aje ofisini kesho na mzazi. Kama ni karo, tutaongea kama tunavyoongea na wazazi wengine."

Hakusema kwa ubaya. Alirudisha miwani machoni akaingia ndani.

*

Chini ya mlima, mahali barabara inapopanuka, Salim aliegesha kando. Alitoa simu, akaishika karibu na mdomo muda mrefu kabla ya kubonyeza.

"Assalamu alaikum. Huyu ni Salim wa Majengo. Ile sauti nilituma jana juu ya Wakiuru wa Karatina, ifuteni. Huyo mama hakuiba. Injekta zilikuwa zangu. Makosa yalikuwa ya nyumba yangu. Nimemkosea, na ninamwomba msamaha mbele yenu wote."

Aliituma kwa mmoja mmoja, akitafuta kila jina kwa kidole. Walikuwa kumi na tisa. Mwanaisha alingoja amtaje. Alingoja hadi jina la mwisho.

"Ungesema ni mimi," alisema.

"Nimesema nyumba yangu."

"Lakini ni mimi, Baba Aaliya."

"Ungesema jana." Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa, na Mwanaisha alilia hapo, kwa mara ya kwanza, bila kujificha, akijifuta kwa ncha ya ushungi. Salim alimwacha alie. Baada ya kitambo aliweka simu kwenye goti la mkewe, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Nyuma, Aaliya alisogea mbele kitini.

"Mama. Sare niipige pasi, ama niache?"

Injini ilikuwa bado inanguruma, taratibu, kila silinda ikibeba sehemu yake.

"Piga," alisema Mwanaisha. Aligeuka akamtazama binti yake usoni, na safari hii hakuondoa macho. "Kesho nitakupeleka mwenyewe. Na Madam nitamwambia yote, kuanzia ile waya."

Salim aliingiza gia. Gari likarudi barabarani bila kutetemeka hata kidogo, viti kumi na vitatu vitupu nyuma yao, na mtoto mmoja.